Mfarishi wa Bibi kwa fundi wa nguo za kale, Ngamiani Tanga: uzoefu wangu

Nyumbani kwetu mfarishi ule, tandiko la viraka lililojazwa ndani, ulijulikana kuwa wa mama yake bibi. Bibi alipofariki tuliukuta chini kabisa ya kasha, umekunjwa mara nne, unanukia udi na kafuri. Mama akasema una miaka mia na ushee. Kaka yangu akataka tuuuze, dada akautaka yeye, na mimi nikataka kwanza tujue ni kitu gani tunachogombania.

Tulianza vibaya. Tulimtumia picha muuza vitu vya kale wa mji mwingine, naye baada ya dakika mbili akajibu kwamba ni wa zama za Sultani, akataja na bei atakayotupa. Hakuuliza nyuma kuna kitambaa gani. Hakuuliza umejazwa nini. Jirani yetu wa Chumbageni ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja wa Ngamiani anayetengeneza nguo za zamani na kuzitambua umri.

Nilipompigia simu alinipa masharti matatu: nisiufue, nisiupige pasi, na nije saa nne asubuhi, maana rangi haisomeki kwa taa. Malipo ya kuutazama ni shilingi 30,000. Ukitaka kushonewa mnapatana upya.

Nilipofika nikamwamkia, akanikaribisha, akanawa mikono, akatandika shuka jeupe mezani na kuuweka mfarishi uso chini. Mimi nilikuwa tayari kumwonyesha viraka vizuri vya juu, yeye akakaa robo saa nzima na mgongo wa mfarishi. Nyuma ni merikani, ile pamba isiyopaushwa ambayo meli za kutoka Salem, Massachusetts, zilikuwa zikiileta Zanzibar katika karne ya 19, na jina likabakia hapo. Nikafurahi, nikidhani basi yametimia. Akasema, "Subiri mwanangu. Merikani iliendelea kuuzwa hata baada ya Wamarekani wenyewe kuacha kuileta. Viwanda vya India vilifuma ya kwao."

Kisha akatazama mishono. Yote ni ya mkono, bandi fupi fupi, safu zinatoka upande huu hadi ule bila kuzunguka. Akagusa pembe nne moja moja. Nilipouliza anatafuta nini akanieleza kuhusu Masidi wa Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi: huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na kila pembe hutiwa vipande vya pembetatu vinavyoitwa phula, yaani ua. Wetu hauna. Pia si rali, mifarishi ya viraka ya Sindh na Gujarat, ingawa kwa kujazwa nguo kuukuu badala ya sufi unafanana nazo. Akasema huu umeshonwa hapa pwani na mtu aliyeziona kazi za majirani Wahindi, akachukua alichokipenda. Maelezo haya peke yake yalinitosha kwa pesa yangu.

Halafu akatoa tochi ndogo ya zambarau, ile wanayokagulia noti bandia dukani, akaniambia nifunge dirisha. Viraka vya juu vikang'aa samawati kama meno kwenye taa za ukumbi wa harusi. Moyo ukanipasuka, kwa sababu nilishasoma kwamba dawa za kung'arisha nguo zinazowaka kwenye miale ya urujuanimno zilianza kuuzwa miaka ya 1940. Yeye akauliza tu, "Mmewahi kuufua kwa sabuni ya unga?" Nikakumbuka: dada aliufua siku ya arobaini ya bibi, kwa nia njema kabisa. Sabuni ya unga ina dawa hiyo hiyo, na inaweza kukiwasha hata kitambaa cha mwaka 1900. Akatafuta mahali paliposhonwa pakakazana, akapanua mshono kidogo kwa ncha ya sindano, akamulika ndani ambako sabuni haikufika sana. Giza: kumbe mng'ao ulikuwa wa sabuni. Angekuwa mtu wa haraka, angetupa jibu la uongo pale pale.

Viraka vyenyewe ndivyo vilivyochukua muda mrefu. Kuna kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi. Nyeusi yake imeoza mistari mistari wakati nyekundu iko imara, na akanionyesha kwa lenzi jinsi nyuzi zilivyokatika. Rangi nyeusi na za kahawia zilizoshikizwa kwa chuma hula uzi polepole. Kuna kipande cha leso, yaani kanga, yenye maandishi kwa herufi za Kiarabu, limebaki neno moja, akalisoma: "mwenzangu". Leso za mwanzo zenye majina, yaani ile misemo yake, ziliandikwa kwa herufi hizo kabla za Kirumi hazijashika. Hivi viwili, akasema, vinaweza kabisa kuwa vya mama yake bibi.

Karibu na katikati kuna kiraka cha kijani ambacho sisi sote tulidhani ni ua. Akakizungusha kichwa chini. Ni mlima wenye kilele cheupe, juu yake ncha ya moto, na pembeni herufi za Kirumi zilizokatwa, "HURU". Mwenge wa Uhuru ulipandishwa Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961. Akaweka kidole hapo akasema, "Mfarishi una umri wa kiraka chake kipya kuliko vyote." Nikamuuliza kama hicho hakikutiwa baadaye kuziba tundu. Akanionyesha kwamba uzi wa bandi unapita juu yake na juu ya majirani zake bila kukatika, na chini yake hakuna kiraka kingine. Uzi mmoja tu ndio mgeni, kwenye pindo: alichoma ncha yake kwa kiberiti, ukayeyuka ukawa shanga ngumu, kumbe ni poliesta. Uzi wa asili uliacha majivu laini, harufu ya karatasi. Hayo ni marekebisho.

Kwa hiyo ni 1961 au baada ya hapo. Hakukubali kunitajia mwaka kamili, hata nilipombembeleza, na hilo limenifanya nimwamini zaidi.

Kasoro zipo. Hatoi karatasi yoyote. Niliandika mwenyewe huku akisema, na kwa familia yenye mzozo kama yetu karatasi ingesaidia. Miadi ya kwanza aliiahirisha asubuhi ileile nikiwa tayari nimepanda bodaboda. Na nadhani angetakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuchoma uzi, hata kama ni milimita chache. Nampa nyota nne kati ya tano, na nitarudi kwake kwa ajili ya ile kisutu, ameahidi kuilaza juu ya bafta laini bila kuikata.

Jioni nilimpigia shangazi aliyeko Pangani, nikamsomea niliyoandika. Nilipofika kwenye mlima wa kijani akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema alikuwa mtoto, macho makali, bibi alikuwa na mimba ya baba yetu mkubwa, anashona barazani kila baada ya alasiri, na kazi yake yeye ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano. Kisutu bibi alipewa na mama yake. Hatuuzi. Kaka na dada wamekubali ukae Pangani kwa shangazi, mpaka atakaposema vinginevyo.