Laki tatu na ishirini: humu ndani kuna nini? Tunafungua kompyuta ya mezani

Wadau, mambo vipi! Karibuni tena. Hizo honi ni bodaboda za hapa Ngarenaro, mtanivumilia, nikifunga dirisha sioni kitu.

Hii hapa ni kompyuta ya mezani, ile nyembamba ya ofisini, mtumba, nimeichukua mjini kwa laki tatu na ishirini bila kioo. Jina la kampuni nimelibandika karatasi makusudi. Nina neno nayo, mtaliona mbele, msiondoke.

Kwanza chomoa waya wa umeme. Halafu bonyeza batani ya kuwashia sekunde chache. Ndiyo, waya umeshatoka, wewe bonyeza tu, umeme uliobaki ndani uishe. Shika na bati la boksi, ule umeme wa mwilini usije ukaua kitu. Mfuniko huu hautaki hata bisibisi, unavuta klipu, umetoka. Hapo wamenifurahisha, sina budi kusema.

Mh! Vumbi hilo. Brashi laini, na feni ishikilie kwa kidole isizunguke.

Haya, ubao huu mkubwa ndiyo mazabodi, kila kitu kinachomekwa hapa. Chini ya feni kuna prosesa, ubongo wa kompyuta, Core i5 kizazi cha nne, toleo la 2013, leo siing'oi. Vijiti hivi ni ramu, kumbukumbu ya muda kompyuta ikiwa kazini, aina ya DDR3, GB nane. Ukiletewa DDR4 usilazimishe, pengo lake halikai hapa, utavunja sloti. Hiki kidude cha mviringo ni betri, CR2032, volti 3. Saa ya kompyuta ikianza kurudi nyuma kila ukichomoa umeme, mtuhumiwa wa kwanza ni huyo, na mafundi saa wanazo.

Sasa njoo huku. Kamera, sogea. Sogea bwana! Hili boksi la bati ni pawa saplai. Linapokea umeme wa Tanesco, volti 230, linaushusha mpaka kiwango ambacho vifaa vinaweza kukila. Na hapa ndipo ninapokasirika.

Mkono wa kushoto nina pawa saplai ya kawaida, ya ATX, mpangilio ulioletwa na Intel mwaka 1995. Plagi yake kubwa, hesabuni na mimi: kumi na mbili juu, kumi na mbili chini. Ishirini na nne. Sasa tazama ya humu. Moja, mbili, tatu... sita. Basi! Zimeisha. Ile inatoa volti 12, 5 na 3.3. Hii stika yake inaonyesha 12 peke yake, kazi nyingine kaachiwa mazabodi, hata umeme wa "hadi diski", kifaa kinachotunza mafaili, unatokea kwenye mazabodi. Ikifa, huendi duka lolote ukaokota nyingine. Waya wa kubadilishia upo mtandaoni, sawa, lakini hii pawa saplai ya kawaida yenyewe, ona, haienei humu, imebaki nje kama mgeni aliyekosa kiti harusini.

Halafu ni wati 240. Wewe unayetaka kuweka kadi ya grafiki, ile ya kuongeza nguvu ya picha, ucheze gemu la mpira: sloti yenyewe inatoa wati 75 mwisho, na waya wa ziada wa kadi humu haupo. Tafuta kadi isiyodai waya, kama GT 1030, na iwe fupi, boksi ni jembamba. Na kampuni hii si peke yake, wenzao wa mashine za ofisi nao wana plagi zao wenyewe.

Najua mtasema si ununue laptop. Laptop ya bei hii mara nyingi betri imeshachoka. Ila umeme ukikatika hapa kila kitu giza, hapo mmenishinda.

Hasira zinapungua nikifika hapa. Hadi diski ya zamani, sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, nimeitoa, nimechomeka SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka. Waya ni zilezile. Washa... mmeona? Wimbo wa jirani haujaisha na tumeshaingia. Kwa hili tu naipenda. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu, kwa hiyo hii nimeiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, wa bure. Muuzaji akikuambia "ina Windows 11", muulize kaiwekaje.

Tangazo: video sasa ni Alhamisi, gonga kengele.

Mdau wa Moshi aliyeuliza kama amnunulie mdogo wake wa chuo: kwa kuandika na kuhariri picha, chukua, ila punguziwa, laki tatu na ishirini mimi nimepigwa. Kabla hujalipa mwambie afungue mfuniko, hesabu matundu ya plagi. Akikataa kufungua, duka la pili lipo.