Kaske ya Bose A20 kwa mkufunzi wa urubani mwenye masikio yaliyochoka

Ninasomea ukufunzi wa urubani hapa Lubumbashi nikiwa nimekwisha kuvuka miaka hamsini, na sikio langu la kushoto limepungua nguvu. Kaske hii, yaani vipokea sauti vya kichwani vyenye maikrofoni ambavyo rubani huvaa, nimeinunua mkononi mwa rubani mwenzangu, kwa kuwa kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2023 kilipoleta A30, toleo jipya lililochukua nafasi yake.

Ubora wake mkubwa ni namna inavyozima ngurumo. Ndani ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, injini na rafadha hutoa mvumo mzito unaofunika maneno; maikrofoni zilizomo ndani ya kaske huupokea mvumo huo na kuujibu kwa sauti kinzani inayoufuta. Sauti nyembamba, ambazo umri huziondoa kwanza, hairudishi, lakini mvumo ukishapungua, kile kidogo ambacho sikio bado linakipata hutosha kuelewa. Kwa mkufunzi jambo hili ni kubwa kuliko kwa rubani wa kawaida. Mwanafunzi mwenye hofu huongea chini chini, tena mara nyingi wakati mnara wa Luano, uwanja wa ndege wa hapa, nao unazungumza, na sauti yake inapoanza kutetemeka kabla ya kutua, mkufunzi anapaswa kuisikia mapema, kabla mikono ya mwanafunzi haijakosea.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba kaske itampitisha kwa daktari wa anga. Kwa kipimo cha audiometa, kifaa cha kupima usikivu, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, haziruhusu sikio lolote lipoteze zaidi ya desibeli 35 katika sauti za masafa ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala zaidi ya 50 katika hezi 3,000. Anayezidi hapo bado anaweza kukubaliwa iwapo atathibitisha kwamba anasikia maneno vizuri katika kelele inayofanana na ya chumba cha rubani. Ningemsihi kila mwenye umri wangu apimwe masikio kabla ya kulipa hata faranga moja ya masomo.

Ina uzito wa gramu 340 na hutumia betri mbili za AA. Betri zikiisha, hubaki kizuizi cha kawaida tu cha kelele, kwa hiyo nabeba nyingine mfukoni. Wenye miwani ya kusomea wachague yenye mikono myembamba, maana mikono minene huacha upenyo unaoingiza kelele. Anayenunua iliyotumika akague mito ya masikio, na ahakikishe waya una plagi mbili, kwa kuwa wa helikopta huwa na moja.