Kifumbu cha elfu tano, Darajani

Blenda yangu ilikufa wiki moja kabla ya Ramadhani. Ya tatu hiyo katika miaka minne, na safari hii fundi hakuifungua hata. Aliinusa tu akanirudishia. Basi siku ya pili nikenda Darajani, soko la mjini Unguja, kutafuta mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu, kile kifuko cha kusukwa cha kukamulia tui, vyombo nilivyokuwa nikivikimbia utotoni, maana kwetu mkuna nazi sikuzote alikuwa mie.

Muuzaji ni bibi mtu mzima, anakaa chini nje ya lile jengo la soko la mwaka 1904. Hana bango wala meza. Ametandika mkeka, juu yake kawa za kufunikia chakula, vipepeo, nyungo, na vifumbu vimetungwa kwenye kamba kama samaki. Nilimwamkia, nikaokota cha juu. Akaninyang'anya. "Hicho si chako, mwanangu. Hicho cha mtu mwenye haraka." Akakipindua nikaona mshono: uzi wa nailoni, ambao anasema hukata ukili, yaani ule mkanda wa majani uliosukwa, ukikaza kukamua. Akanichagulia kingine, kimeshonwa kwa ukindu wenyewe, majani ya mkindu, ukili wake mwembamba, umebana hata nilipokiinua juani mwanga ulipenya kama ncha za sindano. Shilingi elfu tano. Nikataka kumwomba apunguze. Akaniuliza kama naweza kumsukia pima moja tu ya ukili. Nikatoa pesa.

Alinionya nikiloweke usiku kucha, na nazi ya kwanza nisiipikie. Sikusikia. Muhogo wa siku ile ulinuka majani mabichi, na lawama yote ni yangu.

Baada ya hapo, wallahi, tui limekuwa tui. Kwa chujio langu la plastiki machicha yalikuwa hayakosi mchuzini. Hapa unatia nazi, unasokota, unakaza mpaka mkono utetemeke, na kasimile, lile tui la kwanza, inashuka nyeupe, nzito. Nilipika shelisheli la nazi, rojo likaganda kwenye kila kipande badala ya kukaa chini ya sufuria kama maji ya kuoshea. Nazi moja inanitosha pale nilipokuwa nikitumia mbili.

Kazi ipo, nisikudanganye. Blenda ilikuwa dakika tano. Kukuna nazi mbili ni dakika ishirini na kidole kimoja kuchubuka. Mbuzi nilimnunua kwingine, aliyeniuzia ameapa ni mti wa mfenesi, nami nina shaka zangu, maana kiti kinayumba. Kifumbu nacho hakitaki uvivu: ukung'ute machicha, ukioshe bila sabuni, ukianike. Usiku mmoja nilikisahau kwenye sinki, asubuhi kinanuka chachu. Nilikitia maji ya moto na ndimu, kikapona.

Kwa bibi mwenyewe nina malalamiko mawili. Chenji hana kamwe, nenda na noti ndogo. Na adhuhuri ikiadhiniwa keshakunja mkeka. Mara mbili nimefika nikakuta sakafu tupu. Kawa niliyoagiza aliniambia baada ya Idi, ikaja wiki tatu baadaye, lakini ilivyosukwa sikuweza hata kununa.

Mwanangu wa miaka tisa siku hizi anagombania kukaa juu ya mbuzi. Nimemwachia kwa roho safi kabisa.