Shule ya udereva Mwanga: kwa sisi tuliozoea kuendesha kulia

Nawaandikia hasa Warundi na Wakongo wenzangu mnaoishi Kigoma na mnaotaka leseni ya hapa. Shule niliyosoma mimi iko Mwanga. Kufundisha wanajua, tena wanajua kutufundisha sisi. Makaratasi yenu shughulikieni wenyewe, nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, nimeolewa Ujiji na naishi kwa kibali cha ukaazi. Permi, yaani leseni, ya Burundi nilikuwa nayo, lakini maisha yangu yako huku: watoto wanasoma, mama mkwe anahudhuria kliniki hospitali ya Maweni, na sikutaka kila safari imsubiri mume wangu atoke kazini. Nikaamua nianze upya kama mwanafunzi yeyote.

Watu hudhani shida yetu ni usukani. Hapana. Magari mengi ya Bujumbura yanatoka Japani na usukani uko kulia vilevile. Kinachobadilika ni upande wa barabara, kwetu kulia, huku kushoto, na hilo ni jambo la mwili. Kwenye magari mengi unamfuata aliye mbele yako, hukosei. Hatari iko barabara ikiwa tupu: unatoka sheli alfajiri, hakuna anayekuja wala anayekwenda, na mikono inakupeleka kulia bila kukuuliza.

Mwalimu wangu hakuhitaji kuambiwa, ameshafundisha Wakongo wa Kalemie na Uvira. Hakunipeleka kwenye barabara yenye pilika. Alinitoa asubuhi sana, mitaa ya Katubuka bado imelala, akawa ananiambia "kata hapa", "kata pale", kisha ananyamaza aone nitaangukia upande gani. Tulirudia kukata kulia mpaka nikachoka. Kwetu ukikata kulia unajipinda tu unabaki pembeni mwako. Huku kukata kulia ndiko kuvuka mbele ya wanaokuja, na ukishavuka lazima uishie kushoto mwa barabara unayoingia. Hapo ndipo wengi tunaponasa.

Kipilefti, yaani mzunguko wa makutano ya barabara, alinifundishia chini, vumbini. Alichora duara kwa kijiti, akaokota vizibo vya soda vikawa magari, akavizungusha kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia, vinavyokwenda mishale ya saa. "Shemeji, wa kulia kwako ameshaingia, huyo mwachie. Macho yako yaanzie kulia." Bujumbura tunazunguka kinyume na macho yanaanzia kushoto. Alinikabidhi vizibo, nikaviendesha mwenyewe huku nikitaja nani ana haki ya kupita. Nimesoma udereva mara mbili maishani, na sijawahi kuelewa makutano namna ile.

Darasani nako pazuri. Alama zote zinafundishwa kwa Kiswahili cha kawaida, na ukiuliza unajibiwa. Bujumbura nilizikariri kwa Kifaransa nikazisahau. Hapa nimejua kwamba ndani ya makazi mwendo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, kwamba kupita gari lililo mbele ni kwa upande wa kulia, na hata kwamba nikiwa kwa miguu nitembee kulia ili nionane na gari linalokuja. Hilo la mwisho niliwafundisha watoto siku hiyohiyo.

Halafu kuna ule mlima wa kutoka stesheni ya reli kupanda Mwanga. Gari letu la nyumbani ni otomatiki, nikaomba nijifunzie otomatiki. Mwalimu akasema nitaanza na gia za mkono, na leo namshukuru. Alinisimamisha katikati ya mlima, bajaji imejaa watu na ndoo imekaribia bampa la nyuma, inapiga honi. Hendibreki juu, mguu unatafuta balansi ya klachi, gari linatetemeka. "Usimsikilize wa nyuma, sikiliza injini." Injini ikabadilika sauti, nikashusha hendibreki, likapanda bila kurudi hata kidogo. Trafiki aliyenitahini aliponitaka niondokee mlimani, sikuwa na wasiwasi.

Sasa lawama. Gari moja hubeba wanafunzi wengi kwa zamu, na muda unaokaa nyuma ukimtazama mwenzako unahesabiwa kama somo lako. Hiyo si haki kwa mtu aliyelipa, na wanapaswa kuibadilisha. Zamu za jioni ndizo mbaya zaidi. Kubwa kuliko yote ni ofisini. Unapojiandikisha wanakuahidi kukushughulikia kila kitu, lakini karani anajua njia ya raia peke yake. Alinishikilia nilete namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kama Mtanzania, faili langu likakaa mezani bila kwenda popote. Nilipoondoka na pasipoti na kibali changu cha ukaazi nikaenda TRA, mamlaka ya mapato, mwenyewe, nikapata TIN, namba ya mlipakodi, faili likasonga. Kibali kiwe hai, na jina liandikwe sawasawa kwenye kila karatasi, maana majina yetu ya Kirundi huku huandikwa kwa kusikia.

Mengine yalikwenda: leseni ya kujifunzia, ile herufi L kwenye gari, cheti cha shule, mtihani wa polisi wa usalama barabarani, kisha TRA kwa picha, alama za vidole na saini. Leseni yangu ni daraja D, la gari binafsi, inadumu miaka 5. Anayetaka pikipiki aombe A, na kubeba abiria ni madaraja ya C, kwa hiyo semeni mapema mnataka nini.

Mtakutana pia na vishoka watakaowaambia leseni inapatikana bila kukanyaga darasa. Wakataeni. Sisi tunaishi kwa kibali, karatasi moja ya kughushi inatosha kukuharibia ukaazi na familia yako.

Ningeirudia shule hii, na mdogo wangu akija kutoka Bujumbura kwa njia ya Manyovu nitampeleka palepale. Ombeni zamu ya asubuhi, kubalianeni kwamba saa inayohesabiwa ni ile uliyoshika usukani, na kabla ya kulipa ulizeni kama yule mwalimu wa vizibo bado yupo.