Leica NA2: Leveli Inayokubali Kukaguliwa

Katika kupima mwinuko wa ardhi, kosa la kituo kimoja huhamia katika vituo vyote vinavyofuata, na ndiyo maana sifa ninayoithamini zaidi katika leveli ya Leica NA2, darubini ya kupimia tofauti za kimo inayowekwa juu ya tripodi, ni kitufe kidogo kilicho chini ya kioo cha kutazamia. Leveli hii hujisawazisha kwa kompenseta, yaani kifaa kinachoning'inia ndani yake na kuuweka mstari wa kuona katika ulalo, mradi mpimaji ameshaleta kiputo katikati ya duara lake. Kompenseta ikikwama, picha katika darubini hubaki safi na fimbo ya vipimo inayosimamishwa mbele yake husomeka vizuri kabisa, ilhali vipimo vyote vimepotoka. Ukibonyeza kitufe hicho, picha huyumba kidogo kisha hurudi palepale, nawe unajua kwamba kompenseta ingali huru. Kwa leveli isiyo nacho, hubaki kugonga mguu wa tripodi kwa kidole na kutazama.

Darubini hukuza mara 32, na mkengeuko (ukubwa wa kawaida wa kosa) unaotajwa na mtengenezaji ni milimita 0.7 kwa kilomita moja iliyopimwa kwenda na kurudi. Kwa barabara, mitaro na misingi ya majengo, usahihi huo unatosha na kuzidi. Anayefuatilia kuzama kwa bwawa anaweza kuongeza mikromita, yaani kifaa cha kusoma sehemu ndogo za alama za fimbo, na mkengeuko ukashuka hadi milimita 0.3.

Kitufe, hata hivyo, hakifichui mstari wa kuona ulioinama kwa sababu ya marekebisho yaliyolegea. Kasoro hiyo hugunduliwa kwa kupima tofauti ya kimo kati ya vigingi viwili, kwanza leveli ikiwa katikati yao, kisha ikiwa karibu na kimojawapo. Kazini, dawa yake ni kuweka leveli katika umbali ulio sawa kutoka fimbo ya nyuma (penye kimo kinachojulikana) na ya mbele (penye kimo kinachotafutwa), jambo ambalo pia hufuta athari ya mviringo wa dunia na kupinda kwa mwanga, ambayo kwa mita 100 hukaribia milimita 0.7. Ninalisisitiza hili kwa sababu hakuna leveli, hata iwe bora namna gani, inayomwondolea mpimaji wajibu huo.

Upungufu wake ni kwamba kila usomaji huandikwa kwa mkono. Kwa mistari mirefu yenye vituo vingi ningechagua leveli ya kidijitali, inayosoma fimbo yenye msimbo wa mistari na kuhifadhi vipimo yenyewe. Kwa kazi nyingine zote ningebaki na NA2, ambayo haihitaji betri.