Maiti Uwanjani Highbury: Nimeitazama The Arsenal Stadium Mystery (1939)

Mimi ni shabiki wa Arsenal tangu enzi za Henry, na filamu hii niliitafuta kwa ajili ya uwanja kuliko kwa ajili ya maiti. Highbury, uwanja wa zamani wa Arsenal, sikuujua ila kwenye runinga. Mwaka 2006 timu ilihamia uwanja mpya wa Emirates, na majukwaa ya zamani yakageuzwa nyumba za watu. Niliposikia kuna filamu ya mauaji iliyopigwa humo humo, na wachezaji wenyewe wakiwemo, sikulala mpaka nimeipata.

Kisa chenyewe ni chepesi. Arsenal wanacheza na timu ya ridhaa iitwayo Trojans. Katikati ya mchezo, Doyce, mchezaji wa Trojans ambaye wenzake hawampendi, anaanguka na kufa. Kumbe ni sumu. Anaitwa Inspekta Slade, naye anakutwa akiwafanyisha polisi wenzake mazoezi ya dansi jukwaani, wanaume wazima wamevaa sketi za bale! Anakuja, anabadilisha kofia kila mara, anawahoji watu huku kama anawaza mengine, kumbe hakuna kinachompita. Slade anachezwa na Leslie Banks, ambaye upande mmoja wa uso wake uliumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ukimtazama vizuri unaona anavyoutumia uso ule: akigeuka tu, mtu mcheshi anakuwa mtu wa kuogopwa. Bila yeye ningeizima kabla ya nusu saa ya pili.

Maana udhaifu upo. Wanawake wamepewa kazi ndogo, wivu wa mapenzi unaelezwa kwa haraka, na baadhi ya wachezaji wa Trojans wanafanana mno hata nikawachanganya nani ni nani. Ukitaka fumbo la kukukesha, hili halitakukesha.

Lakini mpira! Fedha za kuigiza mechi nzima na uwanja uliojaa zingetoka wapi? Mtengeneza filamu Thorold Dickinson aliingiza kamera kwenye mechi halisi ya ligi, Arsenal na Brentford, Mei 6, 1939, siku ya mwisho ya msimu. Brentford ndio unaowaona wakiwa Trojans. Arsenal walishinda 2-0. Kwa hiyo kelele zile, mikwaju ile, mpira mzito wa ngozi, vyote ni vya kweli, na ndiyo maana macho hayachoki. Wachezaji wa Arsenal wa enzi hizo wamo: Cliff Bastin yumo, Eddie Hapgood yumo, na meneja George Allison anazungumza kabisa. Wakati wa mapumziko anawaambia vijana wake kuwa wanaongoza moja bila, na hivyo ndivyo wanavyopenda. Hapo niliruka kitini. Sisi tuliokulia kwenye ushindi mwembamba tunalijua neno hilo, “moja bila kwa Arsenal”, maana mashabiki huliimba, na hapa linatamkwa mwaka 1939 na meneja mwenyewe!

Nani kaua sisemi. Nitasema tu kwamba mechi inarudiwa, na Slade anautumia mchezo huo wa pili kumnasa anayemtaka. Hapo ndipo upelelezi na mpira vinaposhikana vizuri kuliko mahali pengine popote katika filamu hii.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ni nyeusi na nyeupe, haifiki saa moja na nusu, na Kiingereza chake ni cha zamani, kinakwenda mbio. Maandishi ya chini yatakusaidia.

Niliitazama na mjomba wangu, mtu wa Arsenal kuniliko. Yeye mauaji hayakumshughulisha. Alikuwa akiniomba nirudishe nyuma pale kamera inapopita juu ya mashabiki, maelfu ya wanaume waliovaa kofia, wamebanana majukwaani. Miezi minne baadaye Uingereza iliingia vitani, na msimu uliofuata ukafutwa timu zikiwa zimecheza mechi tatu tu. Nilimrudishia mara tatu. Mara ya nne akaniambia niisimamishe hapo hapo, tukakaa tukiwatazama.