Shilingi 250 kutazama Bembea ya Maisha jukwaani Kakamega: inafaa?

Mwezi uliopita nilipakia wasichana 62 wa kidato cha nne kwenye basi la shule, tukaenda Kakamega kutazama Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege wanayotahiniwa. Kiingilio shilingi 250 kwa mwanafunzi, walimu bure. Jina la kikundi nalihifadhi. Lawama ninazo, na vijana wenyewe wanatafuta riziki.

Tuliambiwa saa tatu. Pazia, yaani shuka mbili za buluu, lilifunguliwa saa tano kasorobo. Kipaza sauti kilikoroma dakika kumi hivi, wakakizima, tukapumua. Kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Bunju alipokataa mama mkwe alale kwake, wasichana wangu walizomea hadi nikaona haya, halafu nikajikuta nazomea nao. Sehemu hiyo nimeifundisha mara nne. Darasani tunaiita mgogoro wa mila na usasa, tunaandika mfano, tunafungua ukurasa mwingine. Sikuwahi kumwona Neema akisimama pale katikati ya mume na mamake mgonjwa, mikono haijui iende wapi. Binti aliyemwigiza hakusema neno kwa muda mrefu, na ukumbi mzima ukanyamaza naye.

Lawama sasa. Walichomeka vichekesho vyao ambavyo havimo kitabuni. Vilichekesha, sikatai, ila mtahini wa karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya fasihi, hatacheka akivikuta kwenye jibu. Jumatatu nzima niliimaliza nikivifuta vichwani mwa watoto.

Halafu bango. Jina la mwelekezi lilionekana kutoka stendi ya matatu. La Arege halikuwepo. Kipindi cha maswali mwanafunzi wangu mmoja akauliza mwandishi wa mchezo ni nani kati yao. Wakatazamana.

Baadaye nilizungumza na kijana aliyeigiza Yona, babake Neema, akanitolea ratiba yake: "Mwalimu, Januari hadi Aprili mimi ni mtunzi. Muhula wa pili mimi ni Yona. Muhula wa tatu niko kwa boda." Nilimwelewa, maana hata mimi huandikia shule michezo ya tamasha la drama. Tamasha hilo limekuwepo tangu 1959 na kila mwaka linataka kazi mpya. Mchezo wako ukishindwa kwenye mashindano ya kaunti, umekufa Machi, na mwakani huwezi kuuza maiti. Mswada wangu wa kwanza shule moja iliununua kwa 8,000. Nusu nililipwa taslimu. Nusu nyingine ilikuja kama gunia la mahindi, na bursa, mhasibu wa shule, akanisainisha. Mtunzi ambaye kazi yake imechaguliwa kuwa kitabu teule cha mtihani, nakala zake zimo mikobani mwa watahiniwa nchi nzima kwa miaka. Katikati ya hao wawili hakuna kitu, labda siasa: Cleophas Malala aliwaandikia wasichana wa shule ya Butere mchezo uliopigwa marufuku 2013 hadi Mahakama Kuu ikauruhusu, na 2017 akawa seneta wetu. Sisi wengine bado tunamsubiri bursa.

Kwa hiyo je, inafaa? Kwa shilingi 250, ndiyo. Insha za wasichana kuhusu Neema zimebadilika, na wale wa nyuma ambao kitabu chao bado kinanukia duka sasa wanabishana kuhusu Yona wakiwa kwenye foleni ya chakula. Chukueni onyesho la kwanza, la pili huanza jioni na basi litawadai. Bebeni chakula chenu pia. Chapati za pale mlangoni ni 40 na ni baridi.

Nimeshaweka nafasi ya kidato cha tatu, nikawaandikia vijana kwa WhatsApp masharti mawili: vichekesho vitoke, jina la mtunzi liingie kwenye bango. La kwanza wamekubali. La pili wamenijibu kwamba mabango yalishachapishwa.